Muulize Anti: Nihamie Rutland au nibaki Barking?

Shikamoo Anti. Mi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Barking, London, vyumba viwili watu wanne na kodi ya nyumba inatumaliza. Nafanya kazi ya kea, kuhudumia wazee, kampuni yetu ina nyumba ya wazee Oakham huko Rutland na wameniambia nikitaka wananihamishia. Ajenti katuonyesha nyumba ya mawe kijijini, kama maili sita kutoka mjini, vyumba vitatu, bustani, bomba la moshi juu ya paa, yan kama kadi ya Krismasi, na bei yake ni chini ya hii ya Barking. Roho yangu ishahamia. Mume wangu anasita. Halafu jirani yangu hapa, Mwingereza, kanicheka, anasema Rutland haipo tena, ilishafutwa kitambo, siku hizi ni Leicestershire, na kweli posikodi (namba ya posta) ya ile nyumba inaanza na LE. Sa Anti, hiyo kaunti ipo au haipo? Anwani niandikeje? Na nyumba nichukue? Mume ndo dereva wetu, ana leseni ya Tanzania, tuko huku mwaka wa pili sasa. *Mama Wawili, Barking*

Marahaba mwanangu. Nianze na huyo jirani nimmalize maana ndo rahisi.

Rutland ilifutwa kweli, tarehe 1 Aprili 1974, serikali ilipopanga upya kaunti za England. Wakaichukua wakaifanya wilaya ndani ya Leicestershire. Ni kaunti ndogo kuliko zote za kale za England, kama kilomita za mraba 382 hivi, haifiki nusu ya Pemba, kwa hiyo waliona haina maana kujitawala. Wenyeji hawakukubali, wakapiga kelele miaka na miaka, na tarehe 1 Aprili 1997 wakarudishiwa kaunsili (halmashauri) yao wenyewe. Jirani yako habari zake ziliishia katikati. Sensa ya 2021 ilikuta watu kama 41,000 tu kaunti nzima, we fikiria, hao hapo Barking unawapita ukienda sokoni.

Ila usimdharau sana jirani maana polisi na zimamoto wa Rutland mpaka leo ni wa Leicestershire, na posikodi nyingi ni za mji wa Leicester, ndo hiyo LE. Kwa barua haina shida kabisa, Royal Mail hawahitaji jina la kaunti, andika namba ya nyumba, mtaa, kijiji, Oakham na posikodi, inafika. Pa kuwa makini ni kwenye mambo ya kaunsili. Kodi ya kaunsili, kuombea watoto shule, na mapipa ya taka, vyote hivyo unaenda Rutland County Council na sio Leicester, kuna watu wanajaza fomu ya Leicester kwa sababu ya hiyo LE halafu wanakaa wanasubiri majibu yasiyokuja. Na ukikutana na fomu ya onlaini ambayo orodha yake haina Rutland, chagua Leicestershire usonge mbele, usikae unagombana na kompyuta.

Tukiwa hapo hapo kwenye kodi ya kaunsili, jiandae, ya Rutland hutajwa miongoni mwa za juu England nzima. Kaunti ndogo, watu wachache, wengi wazee, na barabara lazima zitengenezwe. Kwa hiyo ukilinganisha na Barking usilinganishe kodi ya nyumba peke yake, muulize ajenti nyumba iko bendi gani, yaani daraja la kodi ya kaunsili, wanaanzia A mpaka H, kisha uingie kwenye tovuti ya kaunsili uone ni pauni ngapi kwa mwaka, ugawe, uongeze kwenye hesabu yako. Ajenti hatakwambia usipouliza.

Haya sasa nyumba yenyewe. Hapa mwanangu niko upande wa mume wako.

Nyumba za mawe za huko ni nzuri, sikatai, yale mawe ya rangi ya asali na mengine ya kahawia yana mvuto wake na hata mi nikipita naangalia. Ila uliangalia ndani ukiwa umevaa koti? Uliuliza inapashwa moto na nini? Vijiji vingi vya namna hiyo bomba la gesi halifiki. Utakuta tangi la mafuta limekaa bustanini nyuma ya ua, plastiki la kijani, na boila inakula mafuta ya taa yanayoletwa na lori. Na lori halikuletei lita ishirini kama kidumu cha nyumbani, wauzaji wengi kiwango cha chini ni lita 500 kwa mkupuo, unalipa zote siku hiyo hiyo. Baridi ikikaza kila mtu anaagiza na bei inapanda, ndo maana wenyeji wanajaza tangi kiangazi, na vijiji vingine watu wanaungana wanaagiza pamoja wapate nafuu. Sasa wewe uliyezoea Barking kuweka pauni kumi kumi kwenye mita ya gesi, hilo ni pigo, uwe umelipanga kabla.

Ukienda kuiona tena (na nenda tena, nenda siku ya mvua) fanya hivi. Fungua kabati la nguo lililoegemea ukuta wa nje uingize kichwa unuse. Sogeza kitanda uangalie kona ya chini, kama rangi imevimba au kuna vidoa vyeusi, hapo pana unyevu, na zile kuta nene za zamani hazina nafasi katikati kama nyumba za kisasa, ukianika nguo ndani mwezi wa kwanza fangasi anakula mpaka sweta za watoto. Omba cheti cha nishati, kwa kawaida nyumba ya kupangisha inatakiwa iwe angalau daraja E. Uliza pia kama nyumba imesajiliwa ya kihistoria, maana hizo hata mwenye nyumba hawezi kubadili madirisha bila kibali cha kaunsili, kwa hiyo akikwambia "tutaweka vioo viwili viwili mwakani" mwambie akuonyeshe kibali kwanza. Pia angalia king'amuzi cha gesi ya sumu ya kaboni kwenye chumba chenye boila au jiko la kuni, tangu Oktoba 2022 ni lazima kwa mwenye nyumba, na cha moshi kila ghorofa. Na mkija kuhamia, siku ile ile ya kuchukua funguo nenda bustanini piga picha kipimo cha lile tangi. Mkitoka wasije wakadai mlilikuta limejaa.

Lakini hata kama nyumba ingekuwa kavu kama biskuti bado kuna gari. Leseni ya mume wako, mwanangu, imeshakwisha nguvu huku. Leseni ya Tanzania, na ya Kenya vile vile, inaruhusu kuendesha miezi 12 tangu uanze kuishi Uingereza, basi. Baada ya hapo unachukua leseni ya kujifunzia unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani kama kijana wa miaka 17, hata kama umeendesha daladala Mbagala miaka kumi. Na hizo tarehe za mtihani zinagombaniwa, mtu anaweza kungoja miezi. Akiendesha kabla ya hapo hana leseni na bima haitamlipia, akigonga mtu mtajuta. Sasa tuseme shifti yako inaanza saa moja asubuhi, kijiji kiko maili sita, basi la kijijini linapita mara chache na Jumapili mengi hayatembei kabisa. Utafikaje? Baiskeli mwezi wa Desemba, giza, barabara haina taa wala njia ya miguu? Teksi kila siku itameza yote uliyookoa kwenye kodi.

Kwa hiyo ushauri wangu: Rutland nenda, kijijini usiende bado. Tafuta nyumba Oakham mjini, hata kama vyumba ni viwili na ni ya matofali ya kawaida isiyovutia kwenye picha. Oakham ina stesheni, treni ya Leicester na ya Peterborough zote kama nusu saa, kazini unatembea, watoto wanatembea. Uppingham, mji mwingine wa Rutland, ni mzuri nao ila treni hauna. Mume apate leseni, mkae baridi moja muone, ndo mrudi kwenye mambo ya bustani.

Watoto, usisubiri mhamie ndo uanze, omba nafasi kwa kaunsili ya Rutland mapema, shule ndogo madarasa hujaa. Na kwa siku za mbele mkienda kijijini, jua kwamba kama shule ya karibu inayomfaa mtoto iko zaidi ya maili 2 kwa mwenye chini ya miaka 8, au maili 3 kwa mkubwa wake, kaunsili inatakiwa impe usafiri bure.

Viza: kama umedhaminiwa na mwajiri, yeye ndo anatakiwa kuripoti kwamba umehama kituo cha kazi, usimwachie tu, mwombe akuthibitishie kwa maandishi. Na wewe ubadilishe anwani kwenye akaunti yako ya eVisa (viza ya mtandaoni), wewe, baba, na watoto kila mmoja.

Chakula hujauliza ila najua unawaza. Oakham unga wa sembe hutaupata kirahisi. Panda treni nenda Leicester. Wahindi wengi wa pale walitokea Uganda alipowafukuza Amin mwaka 1972, wengine Kenya na Tanzania, na kaunsili ya Leicester wakati ule ilithubutu kuweka tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije! Wakaja hivyo hivyo. Sasa unaingia duka Belgrave Road unakuta muhogo kwenye friza umeandikwa "mogo", na mzee wa kaunta ukimsalimia Kiswahili anaweza kukujibu kwa Kiswahili kizuri tu cha Kampala ya zamani. Jaza begi, rudi.

Anti sasa? Mimi na bibi yangu (mke wangu) tumetoka Coventry tukahamia Shropshire, karibu na Ludlow, pahali pazuri sana kusema ukweli. Lakini mwenye nyumba alituitisha dipoziti ya miezi miwili, tukalipa, na hatujaona karatasi yoyote, ni miezi mitatu sasa. Pia majirani hapa ni kimya, hakuna mtu anatuongelesha, bibi anasema turudi Coventry. *Mkenya wa Shropshire*

Poa kaka. Pesa kwanza. Miezi miwili ni kinyume cha sheria. Tangu 2019 England dipoziti mwisho ni kodi ya wiki tano, kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000, na sidhani kama umepanga kasri. Halafu alitakiwa aiweke kwenye moja ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali ndani ya siku 30 na akupe maelezo. Ingia kwenye tovuti za hiyo mifuko yote uandike posikodi yako uone kama ipo. Kama haipo mwandikie imeili, ya adabu, fupi, umwombe kilichozidi na namba ya mfuko. Mahakama inaweza kumwamuru alipe mara moja hadi tatu ya dipoziti, na yeye au wakili wake anajua hilo, kwa hiyo mara nyingi imeili inatosha.

Majirani, mwambie mkeo apunguze haraka. Watu wa kijijini huku hawakufuati mlangoni, wewe ndo mgeni na wanasubiri uanze. Dawa yake ni mapipa. Jioni ya kuamkia siku ya taka chungulia dirishani, ukiona jirani anatoa pipa lake na wewe toka na lako, muulize wiki hii ni la rangi gani. Hata kama unajua. Mwingereza anaweza asikuulize umetoka nchi gani miezi sita ila mambo ya mapipa atakueleza dakika kumi, na kesho yake anakupungia mkono.

Na kwa kuwa ni Mkenya una haki ya kupiga kura huku, nchi za Jumuiya ya Madola zote, mradi viza yako iko halali. Jiandikishe kwa anwani mpya, ni bure onlaini, na inasaidia pia ukija kuomba mkopo wa gari kwa sababu benki wanaangalia hiyo orodha. Hata kikao cha kaunsili ya kijiji unaweza kuingia ukakaa nyuma ukasikiliza, mara nyingi wanabishania mashimo ya barabarani kama kwetu tu.