Kuhusu vile visima vya Tandale

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma ndani ya mwendokasi mpaka nikapitiliza kituo. Unauliza kama mwanafunzi wa mwaka wa pili ana la kuwaambia watunga sera, na kama mkipeleka majibu ya vipimo vyenu vya maji ya visima mtaambiwa mnafanya siasa.

Nikusimulie la kwangu. Nilipokuwa maabara tuliwahi kupima visima tukakuta bakteria wa kinyesi wamejaa tele. Nikaandika ripoti ya kurasa 60, nikaikabidhi ofisi moja mwezi Juni. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Hela zilikuwa zimeshagawanywa. Baadaye niliikuta ripoti yangu imetegeshewa birika la chai. Niliwalaumu sana wale watu. Siku hizi najilaumu na mimi: sikuuliza nani anaamua, wala anaamua lini.

Kwa hiyo anzeni na diwani, Dodoma baadaye. Bajeti ya manispaa hupita kwanza kwa madiwani, kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Nendeni Novemba na ukurasa mmoja tu: visima vingapi, kila kimoja kiko hatua ngapi kutoka chooni, mnaomba nini. Mchukueni na mama mmoja wa mtaani awaeleze watu wanavyotapisha vyoo masika, uchafu ukapita mlangoni kwake. Hilo wewe huwezi kulisema kama yeye.

Lakini kabla ya diwani, wenye visima. Wanauza maji, ndio ugali wao. Wakisikia majibu kwa jirani, hamtaingia tena uani kwao. Na msimamizi wenu ajue, asije akashtukia.

Bungeni kuna mlango pia. Mswada ukifika kwenye kamati, wadau hualikwa kutoa maoni, ila siku huwa chache, sharti muwe mmejiandaa. Halafu pale Sayansi, Kijitonyama, unapopita kila siku, ipo COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 1986 kuishauri serikali mambo ya sayansi. Ingieni muulize.

Siasa? Kumwambia diwani maji yana kinyesi si siasa. Kuwaambia watu wampigie nani kura ndiyo siasa, na hiyo msiitie mguu mkiwa na chupa za sampuli mkononi.

Jumapili njoo na huo ukurasa. Kalamu nyekundu ninayo.

Mama