Jina la Linda kwenye Ram

SWALI: Shikamoo mzee. Kijiweni tumebishana kuhusu Ram, albamu ya Paul McCartney. Mwenzangu anashikilia kwamba jina la mkewe, Linda, liliwekwa ili mume avune hela tu, maana mwanamke mwenyewe hakuwa mwanamuziki. Ni kweli? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Habari ya hela ipo. Haki za nyimbo za Paul zilikuwa chini ya Northern Songs, kampuni iliyoangukia mikononi mwa ATV, kampuni ya televisheni ya Uingereza, mwaka 1969. Ram ikatoka Mei 1971, na nyimbo sita kati ya 12 zikiwa zimeandikwa watunzi wawili, Paul na Linda. Linda hakuwa chini ya Northern Songs; fungu lake, basi, halikuwa la ATV. Wenye kampuni wakafungua kesi, hawakuamini kwamba mpiga picha kama Linda anaweza kutunga. Baadaye walipatana, Paul akawafanyia kipindi cha televisheni kilichorushwa 1973.

Ila hiyo "tu" ya mwenzako siikubali hata kidogo. Chukua "Dear Boy", uisikilize kwa hedifoni. Zile sauti za kuitikia zinazopandana na kupishana, Linda yumo humo ndani. Sauti yake haina madoido, imenyooka, ina ukavu fulani, na inapokaa juu ya sauti laini ya Paul unasikia watu wawili waliozoeana. Wapiga vyombo walikuwa wa kulipwa, mafundi wa New York: Denny Seiwell kwenye ngoma, David Spinozza na Hugh McCracken kwenye magitaa. Waitikiaji wa kulipwa nao wangepatikana kirahisi, tena wenye sauti nzuri kumshinda. Paul hakuwataka, na kwa maoni yangu hapo ndipo albamu ilipopata roho yake. Hata Uncle Albert anayeimbwa humo alikuwa mtu wa ukoo wao kweli. Picha ya jalada, Paul kamshika kondoo dume pembe shambani kwao Uskoti, kaipiga Linda.

Halafu muulize mwenzako nani alikwenda Lagos. Mwaka 1973, safari ya kwenda huko kurekodi Band on the Run, albamu ya Wings, kundi la Paul na Linda, ikiwa mlangoni, Henry McCullough alijitoa, na Seiwell yuleyule wa Ram akafuata. Waliobaki kundini ni Denny Laine, Paul, na Linda na kinanda chake.