Muulize Bibi: Mwanangu yuko mahabusu ya watoto, jalada linasema ana miaka 18

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi nauza vitumbua hapa Mbagala, nina watoto watatu. Mkubwa ana miaka 15. Wiki tatu zilizopita alikamatwa na wenzake wawili kwa wizi wa vioo vya pembeni vya magari. Anasema yeye alisimama kuangalia kama kuna mtu anakuja, hakugusa kioo. Alilala siku nne kituoni, selo moja na watu wazima, kwa sababu kwenye jalada waliandika ana miaka 18. Afisa ustawi wa jamii alipomwona akamwombea, sasa yuko mahabusu ya watoto Upanga, ila hakimu anataka uthibitisho wa umri. Cheti cha kuzaliwa sina. Nilijifungulia kwetu Kilwa. Baba yake anasema tumwache akome. Majirani wanasema huko ndiko atakakofundishwa wizi mkubwa. Na kuna kijana pale nje ya mahakama anataka laki mbili ili "amalize". Nifanyeje?
Mama Vitumbua, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na huyo wa laki mbili kwa kuwa ndiye atakayekuharibia haraka kuliko wote. Mkimbie. Si karani, si wakili, na akishapokea hela hutamwona tena mpaka apate mama mwingine. Dhamana hailipiwi. Hiyo laki mbili itakupeleka Kilwa na kukurudisha, na Kilwa ndiko kesi yako iliko.

Nasema hivyo kwa sababu kila kitu kinachomhusu mwanao kimefungwa kwenye namba moja. Akiwa na 15, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamshika mkono: kesi yake inasikilizwa mahakama ya watoto, bila watazamaji, afisa ustawi akiwepo na wewe mzazi ukiwepo. Akiwa na 18, anapanda karandinga na wakubwa zake. Askari anayeandika jalada usiku mara nyingi anamtazama kijana urefu, anasikia sauti nzito, anaandika 18. Mtoto naye akiulizwa ananyamaza, au anajiongezea miaka ili asionekane mdogo mbele ya wenzake.

Nilifanya kazi Ustawi miaka 27. Kuna kijana simsahau, sauti ya muadhini, ndevu zimeanza, kila mtu pale mahakamani alishakubali kuwa ni mtu mzima. Siku ya tatu ya kesi akaingia bibi yake, akafungua fundo la khanga, ndani yake mfuko wa nailoni, ndani ya nailoni kadi ya kliniki imekatika vipande viwili. Wino wa bluu umefifia, lakini tarehe ya kuzaliwa ilisomeka, na vile vidoti vya uzito vilipanda mwezi hadi mwezi kisha vikashuka pale alipougua surua. Hakimu alivifuata kwa kidole, hakusema kitu kwa muda. Yule mtoto alikuwa na miaka 14.

Kwa hiyo tafuta kadi ya kliniki kwanza. Kama imepotea, nenda zahanati uliyojifungulia wakuangalizie kwenye daftari la wazazi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliyosoma akuandikie barua yenye mhuri, aonyeshe tarehe iliyo kwenye rejesta ya uandikishaji. Hiyo ina uzito kwa sababu iliandikwa zamani, kabla hakujawa na kesi ya kumfanya mtu adanganye. Kama alibatizwa au alisoma madrasa, huko nako kuna daftari. Wewe mwenyewe unaweza kuapa kiapo. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kianze kufuatiliwa, ila usikae kukisubiri, kwa mtoto mkubwa huchukua muda. Mpe afisa ustawi kila karatasi, na ubaki na nakala.

Sasa majirani. Sitawaambia wanasema uongo. Watoto ishirini wakikaa pamoja wanafundishana, yale mazuri na yale mengine. Lakini Upanga si gereza. Mahabusu za watoto ziko chini ya Ustawi wa Jamii, si Magereza, na ziko mikoa michache tu: hapo Dar, Tanga, Moshi, Arusha, Mbeya, Mtwara. Mtoto anayekamatwa mahali pasipo na nyumba kama hiyo anaweza kujikuta gereza la wakubwa, akitengewa kona kama ipo. Mwanao, nasikitika kulisema hivi, ana bahati ya kukamatwa Dar.

Soma pia hati ya mashtaka, au mwombe afisa ustawi akusomee. Kama wameandika wizi, wewe na ndugu mwenye kitambulisho cha NIDA nendeni serikali ya mtaa mkachukue barua za utambulisho, mkamwombee dhamana tarehe ijayo. Ukiona neno unyang'anyi, hasa wa kutumia silaha, mambo ya dhamana yanakuwa mazito. Hapo uliza siku hiyo hiyo habari za wakili wa bure. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, si hisani ya mtu. Na hata akikutwa na hatia, kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Anaweza kuachiwa kwa masharti, mzazi anaweza kuamriwa kulipa fidia, au, kwa yaliyoshindikana, kupelekwa shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya.

Baba yake. Mwambie Bibi anamsalimu, halafu mwambie hivi: afisa ustawi ataandika taarifa ya mtoto kwa hakimu, na swali kubwa humo ni nani atakayemchukua. "Tumwache akome" ikiingia kwenye hiyo taarifa, hakimu atamwacha kweli. Afisa atakuja hadi nyumbani kwenu. Msiazime makochi kwa jirani. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta sofa bado lina vumbi la mlango wa pili, mama amekalia ncha kama mgeni. Hatutafuti makochi. Tunatazama kama mtoto ana pa kulala, kama kuna mtu anajua jina la mwalimu wake, kama baba ametoka chumbani kutusalimia.

Na mtembelee. Uliza getini siku na saa wanazoruhusu, ushike hizo hizo. Mle ndani geti likigongwa vichwa vyote vinageuka, kisha vyote vinarudi chini isipokuwa kimoja. Wale ambao hawageuki tena ndio walionitia hofu. Ukienda usianze na kioo cha gari. Mwambie wadogo zake wanaendeleaje, mwambie nani sasa anakusaidia kukanda unga wa vitumbua. Ya kioo ataleta mwenyewe.

Tarehe za kesi usikose hata moja, hata kama umesikia wimbo ule ule wa "upelelezi haujakamilika" mara tano. Acha vitumbua siku hiyo.

SWALI: Bibi, mtoto wa dada yangu, darasa la tatu, miaka 9, amechezea kiberiti na kuchoma banda la kuku la jirani. Jirani anatishia kumpeleka polisi afungwe. Inawezekana?
Mjomba, Kibaha

JIBU: Haiwezekani. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15, inasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hana kosa la jinai kwa lolote alilofanya. Akishafika 10 lakini hajatimiza 12, lazima ithibitishwe kwanza kwamba alikuwa na akili ya kujua anachofanya ni kibaya. Huyu wenu hata huko hajafika.

Lakini mjomba, banda limeungua. Nenda na dada yako kwa mjumbe leo jioni, jirani aitwe, mkubaliane mabati na mbao. Hukuniambia kuku walikuwa wangapi. Jirani atakwambia, na ataongeza wawili.