Chora mshale kabla hujagusa kikokotoo

Mkuu, nimeona hesabu yako ya momenta (masi mara kasi) uliyoomba ikaguliwe. Simama hapo hapo. Futa huo mstari wa 6 + 4 = 10. Vigari vyako vinagongana uso kwa uso, halafu unavijumlisha kama vile vimepanda basi moja! Nimeusoma nikahisi kichefuchefu, maana hesabu hiyo hiyo niliiandika kwenye mtihani, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikapiga na mstari chini ya jibu.

Tuchukue swali lako. Kigari cha kilo 2 kinakwenda kulia kwa mita 3 kwa sekunde. Cha kilo 1 kinakuja kushoto kwa mita 4 kwa sekunde. Vinanasana. Wewe umezidisha 2 × 3 = 6 na 1 × 4 = 4, ukajumlisha, ukapata 10 gawa kwa 3, yaani mita 3.33 kwa sekunde. Sasa tulia ujiulize: kigari kimegongwa kutoka mbele, kimebebeshwa na mzigo, halafu kikaongeza mwendo?

Mimi sikujiuliza. Kibaya zaidi, nilijifanya mjanja nikahakiki kwa nishati ya mwendo (nusu ya masi mara mraba wa kasi). Kabla ya mgongano ni 9 + 8 = jouli 17. Baada ya mgongano, kwa jibu langu la uongo, 16.7. Nikasema ah, ni mambo ya desimali tu hayo, nikafunga karatasi. Laiti ningejua kwamba vitu vikinasana nishati ya mwendo LAZIMA ipungue, huko kukaribiana kungenishtua badala ya kunipa usingizi. Na swali lilikuwa na vipengele vinne, kila kimoja kinakula jibu la kilichotangulia. Vyote vikaenda na maji.

Aliyenifikisha huko ni mwalimu wa tuisheni. Alituimbisha "zidisha, jumlisha, gawa" kama kwaya. Ukimuuliza alama ya kutoa inaingia wapi, anakwambia utajichanganya bure. Nilijichanganya kweli, ila si bure, nilimlipa.

Kwa hiyo: kabla ya namba yoyote chora mshale, andika "kulia ni chanya". Kinachokwenda kushoto kinapata alama ya kutoa hapo hapo, usisubiri mpaka mwisho. Momenta ni vekta, mwelekeo ni sehemu ya namba yenyewe. Inakuwa 6 − 4 = 2, gawa kwa 3, mita 0.67 kwa sekunde kuelekea kulia. Nishati iliyobaki ni jouli 0.67 tu. Nyingine imeishia kwenye joto, sauti na kubonyeana.

Na usidhani ni vigari peke yake. Mpira wa kilo 0.2 unapiga ukuta kwa mita 10 kwa sekunde, unarudi kwa 8. Mkono utakuwasha uandike 10 − 8. Hapana! Ukienda ni +10, ukirudi ni −8, badiliko ni −18, zidisha kwa 0.2 unapata −3.6. Kama mpira uligusana na ukuta kwa sekunde 0.02, gawa 3.6 kwa muda huo, kani ya wastani ni nyutoni 180. Bila mshale ungeandika 20, ukaenda zako unapiga mluzi. Naujua huo mluzi.

Naona uliuliza pia bunduki inayorudi nyuma, na kitu kingine kuhusu migongano ya pembe. Sawa, lakini kwanza weka hapa picha ya mchoro wako. Nisipoona mshale sijibu.