Chura wa Kihansi na ndugu yake wa msituni

SWALI: Usiku nikiwa msitu wa Udzungwa nilipiga picha ya chura mdogo wa kahawia juu ya jani. Wenzangu wanasema ni chura wa Kihansi, yule aliyepelekwa Marekani. Ni yeye kweli? Mbona tunaambiwa ametoweka?
Msomaji, Ifakara

JIBU: Kwa maelezo yako, huyo si wa Kihansi. Yaelekea ni nduguye, Nectophrynoides tornieri, ambaye hupenda kukaa juu ya majani usiku. Kuza picha utazame ncha za vidole: za tornieri zimepanuka, kama zimekatwa kwa mkasi. Chura wa Kihansi (Nectophrynoides asperginis) ana ncha za kawaida, rangi ya manjano iliyofifia, na nyuma ya jicho huoni ngoma ya sikio. Ni mdogo mno: jike hufikia sentimita 2.9, dume 1.9. Wote wawili huzaa vitoto vilivyokamilika, hakuna kiluwiluwi wa kuogelea.

Kilichowatenganisha ni makazi. Tornieri yumo Usambara, Uluguru na Udzungwa, hivyo Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, inamweka kwenye kundi lisilo na tishio kubwa, ingawa msitu ukifyekwa naye huondoka. Wa Kihansi, aliyegunduliwa 1996, alikuwa na korongo moja tu, la mto Kihansi, hekta 2 hivi zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mtambo wa umeme ulipochepusha takriban asilimia 90 ya maji, manyunyu yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, na kufikia katikati ya 2003 vyura walikadiriwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye hawakuonekana ila wachache, na kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi, ikakutwa kwenye mizoga.

Waliomwokoa ni wale vyura 499 waliopelekwa Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya New York, Marekani, mwaka 2000. Wazao wao 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni. Hata hivyo, hadhi ya "ametoweka porini", aliyopewa 2009, haifutwi kwa kuachia vyura tu. Lazima wazaliane wenyewe na wadumu.

Ukirudi msituni, usimshike chura. Kuvu husafiri kwenye matope na maji: kabla ya kuhamia bonde jingine, sugua buti kwa brashi mpaka tope liishe, zioshe kwa maji yenye klorini mbali na mto, kisha zianike zikauke kabisa, kwani kuvu hii haistahimili ukavu.