Kutoka Kubatilisha Ndoa Hadi Talaka ya Maridhiano Chini ya Sheria ya Wahindu, India

Ombi la kubatilisha ndoa na talaka ya maridhiano havisemi jambo moja. La kwanza, chini ya kifungu cha 12 cha Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya 1955, hudai ndoa ilikuwa na kasoro tangu ilipofungwa: ridhaa ilipatikana kwa nguvu au hila, bibi arusi alikuwa na mimba ya mwanamume mwingine, mmoja hana uwezo wa tendo la ndoa, au hakuwa na akili timamu. Talaka ya kifungu cha 13B inakubali kwamba ndoa ilikuwepo, na wawili wenyewe wameamua kuivunja. Kubadili kichwa cha ombi tu hakutoshi.

Wengi hufikiria kuhama ushahidi unapogoma. Hila haithibitishwi kwa maneno matupu, na ombi lake lazima lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu hila igunduliwe. Aliyeendelea kwa hiari kuishi na mwenzake kama mume na mke baada ya kuigundua amejifungia mlango.

Kabla ya kuandika chochote, hesabu siku za kutengana. Kifungu cha 13B kinataka muwe mmetengana mwaka mmoja au zaidi kabla ya kupeleka ombi. Kutengana ni kuacha kuishi kama mume na mke, hata kama bado mko chini ya paa moja. Hapa ndipo wengi huteleza: ombi lililorekebishwa kwa kawaida huhesabiwa kana kwamba liliandikwa hivyo tangu siku ya kwanza. Ikiwa siku ile mlikuwa mmetengana miezi 5 tu, marekebisho hayo yatapingwa. Ni salama zaidi kuliondoa ombi la zamani na kufungua jipya la pamoja. Mwaka ukiwa ulishatimia, mnaweza kuomba mahakama ya familia ibadilishe ombi lililopo, wote wawili mkitia saini na kuapa. Futeni tuhuma za zamani waziwazi. Ombi linalosema mke alidanganywa akaolewa, na chini yake linasema wameridhiana kuachana, litamfanya hakimu aulize kama ridhaa hii nayo ni ya kweli.

Makubaliano yenyewe yaandikwe kabla ya hatua ya kwanza, yaani kupeleka ombi la pamoja mahakamani, na yasiwe ya jumla jumla. Kiasi cha fedha, tarehe, njia ya malipo. Stridhani, yaani mali ya mke mwenyewe, iorodheshwe kitu kimoja kimoja: bangili ngapi, gramu ngapi. Matunzo ya muda yaliyoamriwa katika kesi ya zamani na hayajalipwa yatajwe pia, maana usipoyataja yatageuka ugomvi mpya. Tunashauri malipo yagawanywe: sehemu katika hatua ya kwanza, sehemu katika hatua ya pili (mnaporudi mahakamani kuthibitisha ridhaa), na sehemu ibaki hadi kesi nyingine zifungwe. Kesi ya jinai ya ukatili haifutwi na wanandoa kwa kuandika tu kwamba wamesameheana. Huombwa ifutwe Mahakama Kuu, na kazi hiyo ipewe tarehe yake ndani ya mkataba.

Baada ya hatua ya kwanza, sheria inataka msubiri miezi 6, na hatua ya pili ije kabla ya miezi 18 kupita tangu ombi lipelekwe. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba miezi hiyo 6 inaweza kuondolewa, iwapo mlishatengana miezi 18 kabla ya hatua ya kwanza, juhudi za usuluhishi zimeshindikana, na mmemaliza suala la matunzo na malezi ya watoto. Ombi la kuiondoa hupelekwa wiki moja baada ya hatua ya kwanza, likieleza sababu. Hakimu halazimiki kukubali.

Hadi amri itoke, kila mmoja bado anaweza kuondoa ridhaa yake. Kwa hiyo usilipe zote mapema, wala usiondoe ombi la kubatilisha kabla ombi la pamoja halijasainiwa na kuwa tayari kufunguliwa: kama siku za madai yako ya hila zimekwisha na mwenzako akageuka, huna pa kurudi. Amri ikitoka, chukua nakala iliyothibitishwa na mahakama.