Kiti cha Msibani

Kirumba, Mwanza

Shija mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na baba yako. Unauliza: huu mwaka wa nne uko Dodoma na hujapazoea, je, uombe uhamisho urudi Mwanza au uendelee kuvumilia? Halafu umenipangia sababu: vumbi, upepo, maji ya chumvi, kodi ya nyumba. Sababu nzuri zote, wala sibishani nazo. Ila mimi sababu za namna hiyo nazijua. Niliwahi kuwa nazo nyingi.

Mmekua mkiambiwa kwamba tulihama Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa ajili ya MV Bukoba. Ndivyo bibi yenu wa Sengerema alivyowaeleza watu, nami sikumkatisha. Ni kweli mwaka ule, 1996, kila mwenye ndugu kisiwani alikuwa akimwita arudi. Meli yenyewe haikuwa hata ya Nansio. Ilitoka Bukoba ikapitia Kemondo, ikazama asubuhi ya Mei 21 ikiwa inakaribia Mwanza, wakafa mamia. Lakini mtu akishaogopa maji haulizi tena meli ilikuwa ya njia gani. Baba yako alipoandika barua ya uhamisho hakuna aliyemhoji.

Mimi moyoni nilikuwa nimeshahama kabla ya meli kuzama.

Palikuwa na msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa yule mzee aliyekuwa akiwapa Kulwa na Doto machungwa. Nikakufunga mgongoni, nikabeba unga wangu wa udaga na kisu, nikaingia uani kwa wanawake. Wengine wanamenya viazi, wengine wanatoka kuchota maji, wengine wako kwenye moshi wanasonga ugali. Nikakaa chini, nikavuta beseni la dagaa nianze kuchambua. Mama mmoja akalitoa lile beseni mikononi mwangu, taratibu kabisa, akaniletea kiti. "Pumzika, mama mwalimu. Sisi tupo." Nikakaa kwenye kiti kile mchana kutwa, wanawake wenzangu wote chini. Chakula kilipoiva nikapakuliwa wa kwanza, sahani yangu peke yangu, na sato mzima. Mpaka leo nikiikumbuka ile sahani uso unanichoma.

Baba yako anasema, "Walikuheshimu, wewe ukaona umetengwa." Labda. Yule yule mama wa beseni ndiye aliyetusindikiza gatini, mzigo wa mapacha kichwani, akalia kuliko mimi. Siwezi kusema hawakunipenda. Walinipenda, na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyebisha hodi akanituma chumvi. Nami nimesema siku zote, kwenu ni pale unapotumwa. Wewe mwenyewe ulilikariri neno hili, ukanijibu nalo siku nilipokutuma mwaloni ukagoma: "Basi leo hapa si kwetu." Doto bado anakucheka.

Tulipofika hapa Kirumba, masanduku hata hayajafunguliwa, jirani akaingia bila hodi. "Mama Kulwa, kuna msiba kule nyuma, mbona umekaa?" Hakujua natoka wapi wala mume wangu anafanya kazi gani. Akanisukumia gunia la vitunguu. Nikamenya mpaka jioni, nikarudi nyumbani nimenuka, nimefurahi kijinga. Baba yako alidhani nimeokota fedha. Jirani huyo unamjua. Baadaye alinikopa mtaji wa dagaa, na mpaka leo tukipishana njiani anageuka kuangalia ziwani. Kutumwa nako kuna gharama yake, sikufichi.

Sasa wewe. Huko nani ameshawahi kukutuma? Kulwa ananiambia Ijumaa ikifika tu unapanda treni ya umeme kwenda Dar, Jumapili usiku ndiyo unarudi. Harusi na vikao vya mtaa ni Jumamosi. Hao watu wakutume saa ngapi? Lakini nikisema hivyo najikwaa mwenyewe, maana mimi Nansio nilikuwepo Jumamosi zote na bado nilipewa kiti. Tena Dodoma si Nansio. Tangu serikali ianze kuhamia huko mwaka 2016, majirani zako wengi nao wamefika juzi tu, kila mmoja anamngoja mwenzake abishe hodi. Au nakosea? Wewe ndiye uko huko.

Na hii Mwanza unayoitaka uitazame vizuri. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji. Zile foleni za kivuko tulizokuwa tukikaa mpaka mnagombania mayai ya kuchemsha hazipo tena. Juzi tumekwenda Sengerema, nageuka kumwambia baba yako "tazama maji," tumeshavuka. Nilifurahi, halafu nikawatafuta kwa macho wale wauza mayai. Vijana uliocheza nao wako Geita kwenye dhahabu, au Dar. Hapa mtaani nyumba nyingi zina wapangaji. Wananipa shikamoo wanaingia ndani, na majina yao siyajui. Siwatumi.

Unataka nikwambie rudi au kaa. Baba yako amenikataza; anasema mtu mzima akihamishwa na mama yake, siku mambo yakiharibika atamlaumu mama yake. Jibu ninalo, Shija, liko ulimini hapa, na kulizuia kunanitesa kuliko unavyodhani. Doto nimeshamwambia, naye usimuulize.

Jambo moja tu. Yule mpangaji wa chumba cha uani nimemwambia mkataba wake hautavuka Desemba, kwa kuwa bati la chumba hicho linahitaji kubadilishwa. Ni kweli linavuja. Usilichukue hilo kuwa jibu langu.

Dagaa nimekufungia kilo mbili, nitampa Kulwa akija huko.

Mama yako